Presha 194 asubuhi ya upasuaji: uchambuzi wa kisa cha dawa za usingizi kwa mgonjwa wa shinikizo la damu

Mgonjwa ni mama wa miaka 61, kilo 84, aliyepangiwa kuondolewa mfuko wa nyongo kwa upasuaji wa matundu madogo. Mawe yamemsumbua kwa miezi, maumivu yanakuja na kuondoka, lakini kwa sasa hana homa wala manjano. Presha anayo kwa miaka 12. Dawa zake ni tatu: amlodipini miligramu 10, losartani 50 na bisoprololi 5. Hana kisukari, na anapanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama kuvuta pumzi.

Aliambiwa asiweke chochote mdomoni kuanzia saa sita usiku, naye akalichukua agizo hilo kama lilivyo, vidonge vikiwemo. Alfajiri binti yake akampima kwa mashine ya nyumbani, namba ikamtisha, akamshawishi ameze losartani tu. Kwa hiyo mama alifika akiwa na dawa moja mwilini, ile ambayo wengi wetu tungependa asiwe nayo, na amekosa bisoprololi, ambayo hakupaswa kuikosa hata siku moja. Kipimo cha mapokezi ya chumba cha upasuaji kilisoma 194/108, mapigo 96 kwa dakika.

Kauli mbili zikasikika papo hapo. Ya kwanza: aahirishwe. Ya pili: apewe nifedipini chini ya ulimi, ishuke, tuingie. Zote mbili zilitoka kwa watu wenye nia njema, na zote mbili zilikuwa zimeruka hatua.

Hatua iliyorukwa ni kupima tena, vizuri. Mkanda uliotumika ulikuwa wa saizi ya kawaida kwenye mkono mnene. Mpira wa ndani wa mkanda unatakiwa uzunguke kama asilimia 80 ya mkono na upana wake ufikie asilimia 40 ya mzingo. Ukiwa mdogo kuliko hapo, presha inasomeka juu kuliko ilivyo. Aliwekwa mkanda mkubwa, akaketi dakika tano akiegemea, miguu chini, bila mtu kumsemesha, akapimwa mikono yote miwili. Mkono wa kulia 172/98, wa kushoto 168/96, mapigo 88. Dakika tano na mkanda sahihi vilishusha zaidi ya milimita 20 za zebaki bila tone la dawa.

Kisha daftari lake la kliniki. Kwa miezi sita presha yake ilikuwa kati ya 140 na 152 kwa juu, 82 na 90 kwa chini. Ya mwisho 148/88. Hili daftari ndilo karatasi yenye thamani kuliko zote siku hiyo, kwa sababu linatuambia presha anayoishi nayo. Ile ya mapokezi inatuambia tu jinsi anavyoogopa.

Mwongozo uliotolewa mwaka 2016 na chama cha madaktari wa usingizi cha Uingereza na Ayalandi pamoja na chama cha Uingereza cha shinikizo la damu unalisema jambo hili waziwazi. Mgonjwa wa upasuaji usio wa dharura ambaye vipimo vyake vya kliniki ndani ya miezi 12 viko chini ya 160/100 anaweza kuendelea. Asiye na kumbukumbu zozote anaweza kuendelea ikiwa kipimo cha hospitali kiko chini ya 180/110. Nyuma ya namba hizo kuna uchambuzi wa mwaka 2004 uliokusanya tafiti 30: kuwa na shinikizo la damu kuliongeza uwezekano wa matatizo ya moyo wakati wa upasuaji, lakini kwa kiasi kidogo, uwiano wa 1.35. Na hakukuwa na ushahidi wa maana kwamba kumrudisha nyumbani mtu aliye chini ya 180/110 kunampunguzia hatari hiyo. Kuahirisha nako kuna gharama yake. Mawe hayasubiri ratiba yetu, na anayerudi na mfuko uliooza au kongosho lililovimba anarudi akiwa mgonjwa zaidi, tena usiku.

Kilichoweza kubadili uamuzi hakikuwa namba bali dalili za kiungo kinachoumia: maumivu ya kifua, kukosa pumzi akilala, kuchanganyikiwa, macho kuona ukungu kwa ghafla. Au hadithi ya vipindi vya kichwa kuuma, jasho na moyo kwenda mbio, ambayo ingetufanya tufikirie uvimbe wa tezi ya juu ya figo unaomwaga adrenalini. Huyo haguswi mpaka achunguzwe. Mama hakuwa na lolote kati ya hayo. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha ukuta wa ventrikali ya kushoto umenenepa. Kreatinini, kipimo cha figo, 104, potasiamu 3.9. Tukaendelea.

(Mjamzito mwenye presha ya mimba ni habari nyingine kabisa. Kwake 160 ni dharura inayotibiwa kabla ya kumgusa koo kwa laringoskopu, na asisomewe kisa hiki.)

Sasa nifedipini. Kidonge kile cha maji chini ya ulimi kilizoeleka kwa miaka mingi kwa sababu kinafanya kazi upesi na kinamridhisha mwenye kutazama skrini. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua kitaishia wapi. Mshuko wake haurudishiki kwa kugeuza kitasa, mapigo yanapanda kwa kujibu, na kumbukumbu za kiharusi na mshtuko wa moyo baada yake zipo za kutosha kukifanya kiachwe. Sababu ya ndani inaeleweka vizuri zaidi tukiitazama mishipa. Ubongo una uwezo wa kujiwekea mtiririko sawa wa damu presha ikipanda au kushuka, ndani ya mipaka. Vitabu vya zamani hutaja wastani wa presha wa 60 hadi 150 kwa mtu mwenye afya, ingawa watu halisi hutofautiana mno. Kwa aliyeishi na presha ya juu miaka 12, mipaka hiyo imesogea juu. Wastani wa 65, ambao kijana anaupita bila kujua, kwake unaweza kuwa chini ya ukingo. Figo nazo vivyo hivyo. Ndiyo maana mkono unaokimbilia kuteremsha namba asubuhi ya upasuaji unachezea upande wenye hatari zaidi.

Badala yake alipewa bisoprololi na amlodipini zake kwa funda la maji. Maji matupu yanaruhusiwa hadi saa mbili kabla ya usingizi, na funda la kumezea kidonge halijawahi kuwa sababu ya kufuta upasuaji. Kuna wanaoogopa dawa za kuzuia beta, kundi la bisoprololi, siku ya upasuaji kwa kukumbuka utafiti wa POISE wa mwaka 2008. Wanaukumbuka nusu. Wagonjwa 8,351 wa utafiti ule hawakuwa wakitumia dawa hizo. Nusu yao walianzishiwa metoprololi, ya kundi hilohilo, saa chache kabla ya upasuaji, kwa dozi kubwa. Mishtuko ya moyo ilipungua, lakini vifo vikawa asilimia 3.1 dhidi ya 2.3, na viharusi vikaongezeka mara mbili. Fundisho lake ni usianzishe ghafla. Aliyezoea aendelee, kwa kuwa kuikata ghafla kunaleta mapigo ya kasi na moyo wenye ukuta mnene kukosa muda wa kujaa. Klonidini, dawa nyingine ya presha, ni hatari zaidi kuikata. Presha inarudi kwa kishindo.

Losartani ilishamezwa, haitapikwi. Kwa dawa za kundi hili na ndugu zake zinazoishia na "prili", mabishano yamedumu miaka mingi. Mwaka 2024 utafiti wa Ufaransa ulioitwa Stop-or-Not ulitoa jibu ambalo halikumpa ushindi yeyote: wagonjwa 2,222 wa upasuaji mkubwa, nusu wakaacha saa 48 kabla, nusu wakaendelea hadi siku yenyewe. Vifo na matatizo makubwa vilikuwa asilimia 22 pande zote mbili. Tofauti ilikuwa kwenye kushuka kwa presha wakati wa upasuaji: asilimia 54 kwa walioendelea, 41 kwa walioacha. Binafsi bado ninapenda isimezwe siku ya upasuaji, kwa mgonjwa ambaye presha yake imetulia na moyo wake haujashindwa, kwa sababu tu sipendi kupigana vita ninavyoweza kuviepuka. Lakini kuimeza si sababu ya kuahirisha. Ni sababu ya kuvuta noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, kwenye sindano mapema na kuweka kibandiko.

Kabla ya kuingia, hesabu ikafanywa ubaoni. Presha yake ya kliniki 148/88 ina wastani wa 108 (ya chini kuongeza theluthi ya tofauti kati yake na ya juu). Asilimia 20 chini yake ni 86. Mtu akichukua 172/98 ya asubuhi kama msingi, anapata wastani wa karibu 123 na kikomo cha 98, na atashinda akisukuma dawa za kupandisha presha bila sababu. Akichukua namba ya jumla ya 65 kwa kila mtu, anamwacha mama huyu pabaya. Timu ikakubaliana: wastani usiende chini ya 85, presha ya juu isikae zaidi ya 170. Kuna utafiti wa INPRESS wa mwaka 2017, nao wa Ufaransa, wa wagonjwa karibu 300 wenye hatari kubwa: walioshikiliwa ndani ya asilimia 10 ya presha yao wenyewe kwa noradrenalini walipata hitilafu za viungo asilimia 38.1, wengine 51.7. Ni utafiti mdogo, lakini unaunga mkono wazo kwamba kipimo cha mgonjwa ni mgonjwa mwenyewe.

Kupima ndani ya ateri kulijadiliwa, hakukufanyika. Mkanda uliwekwa upime kila dakika moja wakati wa kumlaza, yaani kumpa dawa za usingizi, halafu kila dakika mbili na nusu. Ningelikuwa na nafasi ningeweka mrija wa ateri kabla ya kumlaza, kwa ajili ya ule ukuta mnene wa moyo na losartani, lakini siwezi kusema aliyetumia mkanda wa kila dakika amekosea. Aliyekosea ni anayeacha mashine ipime kila dakika tano wakati wa kulaza. Dakika tano zinatosha kabisa kwa mshuko kuanza, kufika chini na kukaa.

Kulazwa kwenyewe kulikwenda vizuri, na hapo ndipo mtego ulipo. Fentanili, dawa kali ya maumivu, maikrogramu 150, kisha kusubiri dakika tatu kamili kwa saa. Wengi huitoa na kuingia kooni baada ya sekunde 60. Inakuja kufanya kazi wakati mrija wa kupumulia umeshapita na hakuna kinachomsisimua mgonjwa, yaani inakosa kupanda kwa presha na inaongezea kushuka kwake. Lidokaini miligramu 100. Propofoli, dawa ya usingizi, kwa vipande vya miligramu 30, ukitazama uso wake na kusubiri, kwa sababu damu ya mgonjwa huyu huchukua muda kuifikisha, jumla 110. Rokuroni, ya kulegeza misuli, 50. Laringoskopu ilikaa mdomoni sekunde kumi hivi. Presha baada ya mrija: 164/92. Kila mtu akapumua.

Kisha wapasuaji wakaanza kuosha tumbo na kutandika vitambaa. Sevofluraini, dawa ya usingizi ya kuvuta kwa pumzi, ilikuwa asilimia 2. Hakuna maumivu, hakuna mguso, chumba kimetulia. Dakika ya sita: 104/58. Dakika ya saba: 82/44, wastani 57, mapigo 56.

Hiki ndicho kipindi kinachowaumiza wagonjwa wa presha, na ni kipindi ambacho macho ya wengi yako kwenye kujaza fomu. Tafiti za Oxford za mwaka 1971 zilishaonyesha kwamba presha ya wasiotibiwa hushuka zaidi wakipewa usingizi. Mishipa midogo yenye kuta nene, ikikaza kidogo presha inaruka. Ikilegea kidogo, inaporomoka. Juu yake weka dawa za usingizi zinazolegeza mishipa, losartani iliyofunga mlango mmoja wa kujirekebisha, na bisoprololi inayozuia moyo kukimbia. Mwili hauna pa kushika.

Fenilefrini maikrogramu 100 ikatolewa. Dakika moja baadaye 92/50, na mapigo 51. Hapa kuna kishawishi cha kurudia ileile. Lakini fenilefrini inakaza mishipa peke yake na moyo unajibu kwa kupunguza mwendo; kwa aliyemeza kizuia beta, ukirudia mara tatu unapata presha ya kuridhisha kwenye skrini na moyo unaotoa damu kidogo. Efedrini miligramu 9 ilipandisha mapigo hadi 60, sevofluraini ikateremshwa hadi asilimia 1.2, ambayo kwa umri wake pamoja na fentanili bado inamlaza, na noradrenalini ikaanza kwa maikrogramu 0.05 kwa kilo kwa dakika kupitia mshipa mpana wa mkono. Maji ya dripu mililita 250, si zaidi: ventrikali nene na ngumu inahitaji kujaa, ila ikijazwa kupita kiasi mapafu yanalowa. Kama noradrenalini isingetosha, hatua iliyofuata ilikuwa vasopresini, kwa kuwa ndiyo inayopita njia ambayo losartani haijaifunga.

Presha ikarudi 124/70, wastani 88. Muda uliopita chini ya 65 ulikuwa kama dakika nne. Uchambuzi wa hospitali ya Cleveland, Marekani, wa mwaka 2013, wa upasuaji zaidi ya 33,000, ulihusisha hata dakika chache za wastani chini ya 55 na kuumia kwa figo na moyo. Uhusiano si uthibitisho wa sababu, na huyu hakufika 55. Hata hivyo, kama noradrenalini ingeanza pale 104/58, huenda 82/44 isingetokea kabisa. Kwa kikomo cha 85, wastani wa 73 ulikuwa tayari ni mshuko. Macho yaliona tarakimu tatu upande wa juu yakaridhika.

Tumbo likajazwa hewa ukaa. Presha 178/100, mapigo 68. Jambo la kwanza likawa kuzima noradrenalini, na nalitaja kwa sababu si mara moja labetaloli, dawa ya kushusha presha, imetolewa wakati pampu ya noradrenalini bado inazunguka. La pili, kumwomba mpasuaji ashushe shinikizo la tumbo kutoka 14 hadi 11 na kujaza polepole; hewa ikiingia kwa kasi inabana mishipa yote ya tumbo kwa pamoja. La tatu, hewa ukaa ya pumzi: 5.9 kilopaskali, ikaongezwa kasi ya mashine. La nne, kina cha usingizi, maana sevofluraini ilikuwa imeshushwa na kisu kimeshaanza. Ikapandishwa, na fentanili maikrogramu 50 ikaongezwa. Dakika nane baadaye 146/84. Hakuna dawa ya presha iliyotumika.

Kitanda kiliinuliwa upande wa kichwa, na hapo kuna jambo dogo linalosahaulika. Mkanda uko mkononi, usawa wa moyo. Ubongo uko juu. Kila sentimita moja ya kwenda juu inapunguza karibu milimita 0.77 za zebaki. Kichwa kikiwa sentimita 20 juu ya moyo, wastani wa 85 mkononi ni karibu 70 kwenye ubongo. Kikomo chetu kikapandishwa hadi 95 kwa muda wote kitanda kilipokuwa kimeinuka.

Mwisho wa upasuaji: hewa ikatolewa polepole, matundu yakachomwa ganzi ya bupivakaini, parasetamoli ikatolewa, mrija ukatoka bila kikohozi kikubwa kwa msaada wa lidokaini iliyorudiwa. Katika chumba cha uangalizi, dakika ya 20, presha 188/102, na muuguzi akaja na ampuli ya labetaloli mkononi. Akaulizwa maumivu ni kiasi gani. Saba kati ya kumi. Joto 35.4, anatetemeka. Oksijeni 97, kibofu hakijajaa. Mofini kwa vipande vya miligramu 2, blanketi la hewa moto. Nusu saa baadaye 158/88, anaomba maji.

Labetaloli ingekuwa na nafasi yake kama presha ingebaki juu ya 180 baada ya maumivu, baridi, kibofu na pumzi kushughulikiwa: miligramu 5 hadi 10, polepole. Hidralazini nayo, ila inachukua dakika 10 hadi 20 kuanza kazi, na asiye na subira huirudia kabla ya ya kwanza kufika. Dozi zote zinakuja kufanya kazi pamoja.

Troponini, kipimo cha damu kinachoonyesha moyo ulioumia, ilipimwa siku ya kwanza na ya pili, kwa sababu moyo mwingi unaoumia baada ya upasuaji hauumi kifuani, mgonjwa akiwa na mofini. Haikupanda. Kreatinini siku ya kwanza 109, mkojo wa kutosha. Bisoprololi na amlodipini ziliendelea asubuhi iliyofuata. Losartani ilisubiri mpaka siku ya pili, alipokuwa anakunywa vizuri na presha imefika 144/86. Kuisahau isirudishwe kabisa nako ni kosa, na hutokea zaidi kuliko tunavyodhani, kwa sababu aliyeisimamisha si yule anayeandika dawa za kwenda nyumbani.

Karatasi ya maelekezo ya wodi ilibadilishwa. Sasa ina mistari miwili: chakula, na vidonge. Chini ya vidonge kila dawa imetajwa kwa jina lake, ipi imezwe asubuhi ya upasuaji kwa funda la maji na ipi iachwe, na nakala moja anapewa anayemsindikiza mgonjwa. Barua iliyokwenda kliniki ilitaja vipimo vya 194 na 188 pamoja na mazingira yake, mkanda mdogo kwa kimoja na maumivu na baridi kwa kingine, na haikuomba dawa ya nne.